Mashine ya Zamani: Tuitunze au Tuitupe?



Nyumbani kwetu, hapa kisiwani Idjwi, juu ya kabati la vitabu, ipo mashine moja ya kunasa sauti. Si redio, wala si mashine ya kaseti. Ni ile ya zamani, yenye magurudumu mawili juu yake: la kushoto hutoa kanda, la kulia huipokea. Wageni wajapo kutusalimu huitazama, hucheka kidogo, halafu huuliza: “Mwalimu, kitu hiki chakufaa nini? Simu yangu hii ndogo ina nyimbo elfu moja.” Wanafunzi wetu nao wameuliza vivyo hivyo. Mmoja wao, kijana hodari wa hesabu, alitushauri tuiuze mjini, kwa maana amesikia kwamba Wazungu wanazitafuta tena mashine za namna hii na kuzilipia fedha nyingi.

Swali lao si la kipuuzi. Mtu mwenye watoto wa kulipia karo hana ruhusa ya kumwaga fedha kwa vitu vya fahari tu. Basi tumeona yafaa kulijibu kwa utaratibu, mbele yenu nyote. Twajua kwamba katika nyumba nyingi za Wakristo, na katika sakristia nyingi pia, zingalipo kanda za namna hii ndani ya makopo ya biskuti, na wenyewe hawajui kama wazitunze au wawape watoto wachezee. Tena twajibu kama mtu mwenye deni, na deni hilo mtalisikia hapa chini.

Kutu iliyofanywa mtumishi

Kanda ya magurudumu ni utepe mwembamba, upana wake milimita 6.35, uliopakwa unga wa kutu ya chuma. Kutu ni adui wa jembe na wa panga, lakini hapa imefanywa mtumishi. Sauti ikiingia katika maikrofoni hugeuka kuwa umeme. Umeme huleta nguvu ya sumaku. Na sumaku huzipanga chembe za kutu, kama mwalimu apangavyo watoto mstarini asubuhi. Kanda ikipita tena katika mashine, mpango ule ule wa chembe huuzaa umeme tena, na umeme huizaa sauti.

Aliyebuni utepe wa namna hii ni Fritz Pfleumer, huko Ujerumani, mwaka 1928. Naye alianza kwa karatasi. Mwaka 1935 kampuni ya AEG ilionyesha mjini Berlin mashine iliyoitwa Magnetophon, na kanda zake zilitengenezwa na BASF. Baada ya vita vya 1939-1945 elimu hiyo ilienea Marekani na kwingineko, na haikupita miaka mingi mashine zikafika kwetu Afrika, mikononi mwa watu wa redio, wataalamu na wamisionari.

Mwaka 1951 na 1952 mtaalamu Mmarekani, Alan Merriam, alitembea Kongo na Ruanda-Urundi akinasa nyimbo, na miongoni mwa waliomwimbia walikuwamo Washi, jirani zetu wa ng'ambo ya maji. Mwaka 1952 Hugh Tracey naye alipita Kongo, Rwanda na Uganda kwa kazi iyo hiyo. Mwaka 1954 alianzisha Afrika Kusini maktaba ya muziki wa Afrika, ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Makhanda.

Kanisa pia halikubaki nyuma. Huko Kamina, katika Katanga, Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alikuwa na kundi la waimbaji, wavulana pamoja na walimu wao. Tarehe 23 Machi 1958 waliimba kwa mara ya kwanza katika adhimisho la Misa ule muziki uitwao Missa Luba. Sehemu kubwa ya muziki huo haikuandikwa kwa nota kwanza. Waimbaji waliutunga papo hapo, kila mmoja akiitikia mwenziwe. Kitu cha namna hiyo, kama hakikunaswa, hupotea hewani pamoja na moshi wa ubani. Miaka mitano baadaye, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya Liturjia, na mlango ukafunguliwa wazi zaidi kwa lugha zetu na muziki wetu. Hapo walimu wa dini wengi walianza kutunga nyimbo. Mmoja wao alikuwa babu yetu.

Kosa letu

Babu, mzazi wa baba yetu, alikuwa mwalimu wa dini katika kigango kimoja cha kisiwa hiki. Mwaka 1972 padri mmoja mmisionari alimjia na mashine ya Kijerumani, Uher 4000 Report, ambayo hufanya kazi kwa betri za tochi na kwa hiyo yafaa sana mahali pasipo umeme. Alimnasa babu akiimba wimbo wa Noeli alioutunga mwenyewe kwa Kihavu, wenye beti nne. Kisha akamnasa akisimulia jinsi Wakristo wa kwanza wa kilima chetu walivyopiga kasia kwenda kutafuta Ubatizo. Padri aliporudi Ulaya mwaka 1979, alimwachia babu mashine ile na kanda tatu. Babu alifariki mwaka 1988, nasi tulikuwa hatujazaliwa.

Sasa twaungama. Mwaka 2000 tulikuwa na umri wa miaka kumi. Siku moja nyanya alikuwa shambani akichimba mihogo, nasi tulikuwa peke yetu nyumbani. Mkono uliofanya kosa ulikuwa wetu, si wa mwingine. Tulitoa betri katika tochi, tukazitia katika mashine, tukaweka kanda, tukabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Magurudumu yakazunguka. Tukaimba, tukatangaza mchezo wa mpira ambao haukuwapo, tukaiga sauti ya paroko akihubiri. Nyanya aliporudi alituita kutoka uani, mara ya kwanza na mara ya pili, wala hatukuitika. Alipoingia na kuona magurudumu yakizunguka, hakutupiga. Aliketi juu ya kigoda chake, akasema: “Hapo ndipo babu yako alipokuwa.” Siku ile hakusema neno jingine.

Hatukuelewa. Tulidhani sauti zetu zimekaa kando ya sauti ya babu, kama watu wawili wakaavyo juu ya benchi moja. Baadaye tu, tulipokuwa seminarini na kusoma namna mashine hizi zinavyofanya kazi, tuliuona ukubwa wa kosa letu. Katika mashine, kanda hupita kwanza mbele ya kichwa cha kufutia, ambacho huzivuruga chembe zote zisiwe na mpango wowote. Ndipo hufika mbele ya kichwa cha kunasia. Sauti mpya haiketi kando ya ile ya zamani. Huketi mahali pake. Na kilichofutwa hakirudi, hata ukiwaita mafundi wa dunia nzima. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Katika nyumba yetu methali hiyo ilitimia neno kwa neno.

Je, ni kwa ajili ya starehe ya masikio?

Sasa tulipime swali la wageni wetu. Ni kweli kwamba Ulaya, Marekani na Japani wapo watu wanaorudia kanda za magurudumu. Kanda mpya zingali zikitengenezwa, kwa mfano huko Avranches, Ufaransa. Kampuni ya Revox, ambayo mashine yake B77 ilijulikana sana tangu mwaka 1977, imerudia kuuza mashine mpya ya jina hilo, kwa maelfu mengi ya euro. Na mtu akitaka kununua muziki ulionakiliwa vizuri juu ya kanda, mara nyingi hulipa zaidi ya dola 300 kwa kazi moja tu, yaani muziki wa muda usiofika saa moja.

Je, sauti yake ni nzuri? Ni nzuri. Kanda ikikimbia upesi, sentimeta 38 kila sekunde kama katika studio, sauti huwa nene na laini, na waimbaji huonekana kama wamesimama chumbani. Lakini tuseme ukweli: kwa vipimo, kompyuta iliyotumiwa vema hunasa kwa usahihi zaidi, bila mvumo wa kanda na bila mtetemeko wa magurudumu. Anayependa kanda anapenda ladha yake, kama mtu apendavyo chungu cha udongo kuliko sufuria. Hilo si kosa, ila ni ladha, si hitaji.

Tena hesabu ya nyumba za Idjwi si hesabu ya nyumba za Tokyo. Gurudumu la sentimeta 13 lenye kanda ya mita 270, likienda kwa mwendo wa sentimeta 9.5 kila sekunde, hucheza dakika 47 hivi kwa upande mmoja. Kwa dakika hizo 47 unahitaji betri, usafi, vipuri visivyopatikana kisiwani, na mkono wenye subira. Simu inayochajiwa kwa kibao cha jua hucheza siku nzima. Basi kwa mzazi anayeuza mananasi na kahawa ili watoto wasome, jibu letu ni hili bila kigugumizi: usinunue mashine ya magurudumu kwa ajili ya kusikiliza muziki. Fedha hizo zina kazi nyingine.

Kanda isiyo na mashine ni bubu

Je, basi tuitupe ile tuliyo nayo? Hapana. Hapa ndipo wageni wetu hawajafikiri vya kutosha. Wimbo ulio katika simu unao ndugu zake katika simu elfu nyingine. Simu ikianguka ziwani, wimbo haukufa. Lakini kanda iliyo katika kopo la biskuti mara nyingi haina ndugu. Tena kitabu cha zamani mtu huweza kukifungua na kukisoma kwa macho yake. Kanda huwezi kuisoma kwa macho wala kuisikiliza kwa sikio tupu. Pasipo mashine ni bubu.

Mwaka 2019 UNESCO na IASA, chama cha kimataifa cha watunzaji wa sauti na picha, walitoa onyo kwa dunia nzima: kwamba ifikapo mwaka 2025 hivi, mashine nzima na vipuri vyake vitakuwa adimu kiasi kwamba kuzihamisha sauti kutoka katika kanda kutakuwa kazi ngumu mno. Mwaka huo tumekwisha kuufikia. Na kanda zenyewe huzeeka. Zile za zamani za asetati hukauka na kukatika, na zikianza kuoza hutoa harufu ya siki. Nyingine za miaka ya 1970 na 1980 gundi yake huvuta unyevu, ikawa kama ulimbo, na zikichezwa hung'ang'ania vichwa vya mashine.

Walioamka mapema wameokoa mengi. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwanasa wasichana wa Kipsigis, huko Kenya, wakiimba wimbo uitwao Chemirocha. Baada ya miaka zaidi ya 60 maktaba yake ilipeleka nakala hukohuko, na wazee wakausikia tena ujana wao. Huko Dar es Salaam, zamani bendi nyingi za dansi zilinasiwa nyimbo zao katika studio za Redio Tanzania, na kwa nyimbo kadha wa kadha kanda za maktaba ya redio ndizo chanzo chenyewe. Kama mashine za kuzicheza zingalitupwa siku kaseti zilipoingia, leo pale pangekuwa na maktaba ya mabubu.

Safari ya Bukavu

Mwaka 2019 tulijikaza. Tuliifunga mashine katika blanketi, kanda tukazitia katika kopo lenye kifuniko, tukapanda mashua kwenda Bukavu. Fundi wa kwanza tuliyemwendea, ambaye hatumtaji, aliona mahali kanda ilipokatika akataka kupaunga kwa gundi ya karatasi ile ya dukani. Tulimzuia kwa shida. Gundi hiyo hutiririka kwa joto, huchafua vichwa, na hugandamanisha mzunguko mmoja na mwingine.

Fundi wa pili alikuwa mzee aliyefanya kazi ya redio tangu ujana wake. Aliipokea kanda kwa mikono miwili. Alibadilisha mkanda wa mpira ndani ya mashine, akasafisha vichwa kwa spiriti na pamba, akakata ncha za kanda kwa mshazari, akaziunga kwa utepe wake maalumu. Kisha akaunganisha mashine na kompyuta, akasema: “Mwalimu, huenda ikakubali kuchezwa mara moja tu. Keti kimya.”

Tuliketi. Kwanza ukaja mvumo kama wa mvua ya mbali. Halafu, kabla babu hajaanza, tukamsikia kwa mbali sana, kana kwamba anaimba nyuma ya kilima. Na punde akaanza kwa sauti kamili. Mzee alitueleza kwamba kanda ikikaa miaka mingi imezungushwa, sumaku ya mzunguko mmoja huambukiza kidogo mzunguko wa jirani, na kwa hiyo mtu husikika kidogo kabla hajasema. Ubeti wa kwanza ulikuwa mzima. Wa pili nao ulikuwa mzima. Kisha kukawa na mlio, na baada yake mtoto wa miaka kumi akitangaza mpira.

Tuliona haya hata mbele ya fundi. Mtoto yule aliendelea kupayuka, na nyuma yake, kutoka uani, sauti ya mwanamke ikaita jina letu. Ikaita tena. Nyanya alifariki mwaka 2006, na hakuna mahali pengine popote sauti yake iliponaswa. Baadaye babu alirudi, katikati ya ubeti wa nne, akaumaliza, akaanza masimulizi yake ya mitumbwi.

Wengine wametuambia kwamba basi Mungu aligeuza kosa kuwa baraka. Twamshukuru Mungu kwa sauti ya nyanya. Lakini hatuthubutu kusema hivyo. Ubeti wa tatu haupo. Tuliwauliza akina mama wazee waliouimba zamani: mmoja ana maneno haya, mwingine ana maneno yale, na wa tatu asema hapakuwa na ubeti huo. Kwaya ya kigango chetu huimba Noeli ubeti wa kwanza, wa pili na ule wa mwisho, na kila mwaka wafikapo baada ya wa pili sisi hutazama chini.

Yatupasayo kufanya

Kutokana na hayo, tuwape wasomaji mashauri machache.

Kwanza, ukiwa na kanda, usiicheze kwa haraka ili kujaribu tu. Iweke mahali pakavu pasipo jua wala moshi wa jiko, gurudumu likiwa limesimama, mbali na spika na sumaku.

Pili, andika juu ya kopo: ni nani asemaye, wapi, mwaka gani, na lugha gani. Sauti isiyo na jina ni kama kaburi lisilo na msalaba.

Tatu, mwenye mashine nzima asiiuze wala asiwape watoto. Nyumba moja yenye mashine yaweza kusaidia parokia nzima. Si lazima kila familia iwe nayo, kama vile si lazima kila familia iwe na kinu. Yatosha jirani awe nacho, na awe na moyo wa kuazima.

Nne, kanda ikichezwa, inaswe papo hapo katika kompyuta bila kubanwa, na nakala ziwe tatu, katika mahali patatu: nyumbani, parokiani, na mbali. Sisi watu wa Kivu tumeona tangu mwaka 1996 nyumba zikiachwa wazi kwa muda wa saa moja. Atunzaye kitu mahali pamoja tu hajakitunza.

Tano, na hili ni kubwa kuliko yote: ile simu ambayo wageni wetu hujivunia, waitumie. Ina nyimbo elfu moja za watu wasiowajua. Je, inayo sauti ya mama yao? Keti na mzee wako Jumapili baada ya Misa. Mwombe akuimbie, akuhesabie majina ya mababu, akueleze jinsi alivyobatizwa. Usimkatize. Kisha fanya nakala tatu, kama tulivyosema.

Basi yule kijana wa hesabu jibu lake ni hili. Mashine hii haina faida kwa anayetafuta starehe, na kwa bei ya leo ni anasa ya matajiri. Lakini maadamu ipo kanda moja kisiwani humu ambayo haijatolewa sauti yake, mashine hii ni ufunguo, na hakuna mwenye busara auzaye ufunguo kabla ya kufungua sanduku. Tulizo nazo nyumbani zimekwisha kunakiliwa zote tatu. Tumesikia kwamba katika vigango vingine zipo nyingine. Wenye nazo watuletee, nasi tutazicheza bila malipo. Walete betri tu. Yule mwanamke wa Injili aliyepoteza sarafu moja aliwasha taa akafagia nyumba nzima mpaka akaiona. Nasi tufagie nyumba zetu, tuyaangalie makopo yaliyo juu ya makabati, kabla mtoto wa miaka kumi hajakuta betri za tochi.